Zamu Mbili za Maji na Draiva ya Majaribio

Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku niliyopandisha ile kompyuta kwetu Chome nililia njiani mara mbili, zote kwa hasira. Landrova ya kutoka Same iligoma kwenye utelezi, dereva akatuteremsha na kutuambia tumalizie kwa miguu, kwa sauti ya mtu anayetufanyia hisani. Kila abiria akabeba mzigo wake. Wangu ulikuwa skrini ya kizamani, ile yenye kisogo kirefu, nzito kama jiwe la kusagia. Nikaifunga kwa kitenge, nikajitwika. Boksi la mashine yenyewe na kapu la sufuria zangu niliviacha kwenye nyumba ya kwanza niliyoikuta, nikarudi kuvichukua kesho yake.

Njia nzima watu wananiuliza, "Umeleta televisheni?"

"Kompyuta."

"Ya nini?"

Hata mwenyewe sikujua ya nini. Nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge kule tambarare. Shamba likauzwa, kama vitu vingi vilivyouzwa wakati ule, na sisi wa ofisini tukaambiwa kwamba fedha za kiinua mgongo hazipo, ila kila mtu achague kitu. Mmoja akachukua meza. Mwingine akachukua feni. Mimi kwa kiherehere changu nikachukua kompyuta, na kijijini kwetu nyumba zenye umeme zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mama nilimwambia nimekuja likizo, na kwamba mashine nimeazimwa na ofisi. Uongo mtupu. Lakini mama alikuwa ameshautangazia mlima mzima kwamba binti yake ni karani, na mimi sikuwa na moyo wa kumvua hilo vazi. Alinipokea mlangoni, akageuza uso pembeni kama kuku anayetazama punje, akaniangalia kwa kona ya jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, au ni macho yangu?"

Yalikuwa macho yake, ingawa na kukonda nilikuwa nimekonda. Daktari wa macho kule Moshi alikwisha kumwambia kwamba katikati ya macho yote mawili pamekufa, pembeni ndiko kumebaki. Akikutazama usoni anaona masikio yako tu. Kutembea anatembea, kuni anakata, makande anapika. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kusoma. Na kusoma, kwa mama yangu, kulikuwa kila kitu.

Hapa lazima nieleze. Mama hakwenda shule utotoni. Baba alifanya kazi mashambani mbali na nyumbani, akawa anatuma barua, na barua zilisomwa uani na yeyote aliyejua kusoma, jirani wote wamekaa wanasikiliza. Baba akiandika kwamba amemkumbuka mkewe, ua mzima unaangua kicheko. Mama anainamisha kichwa, anachambua maharage. Kisomo cha watu wazima kilipofika, alikuwa na miaka arobaini na mimi niko mgongoni. Akaenda. Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe aliingia nayo katikati ya migomba, peke yake, akatoka jioni macho mekundu, na hajamwambia mtu hadi leo ilisema nini. Tangu hapo yeye ndiye aliyewasomea wengine barua zao, ndani, mlango umefungwa. Na kanisani ndiye aliyesoma somo la Jumapili, kwa sauti iliyofika mpaka nje kwa waliochelewa.

Wiki ya tatu ya hiyo "likizo" yangu ndipo nilipojua kwamba kanisani alikuwa hasomi tena. Alikuwa anakariri. Masomo mengi alikuwa nayo kichwani, basi anafunua Biblia, anapitisha kidole, anatiririka. Jumapili ile akasimama akasoma mfano wa mpanzi, kwa madaha, hakuna hata neno lililomponyoka. Tatizo ni kwamba somo la siku hiyo halikuwa la mpanzi. Hakuna aliyekohoa. Mchungaji, Mungu ambariki, akakunja karatasi zake taratibu, akahubiri mpanzi.

Mama aligundua nje, kwa jinsi watu walivyomsalimia kwa upole uliozidi. Tulirudi nyumbani. Akaiweka Biblia sandukuni, chini kabisa, chini ya mashuka.

"Sisimami tena," akasema.

"Mama, mimi si nipo? Nitakusomea, wewe ukariri. Nani atajua?"

Ala! Alinigeukia mpaka nikarudi nyuma. "Nilisomewa mpaka nikafika miaka arobaini! Barua zangu, za mume wangu, nikisomewa kama mtoto. Sisomewi tena. Afadhali nisijue."

Nilikasirika, nikamwambia ana kiburi. Akaniuliza changu nimekirithi kwa nani. Tukanuniana siku mbili.

Siku ya tatu nilishuka Same kutafuta sabuni na mafuta ya taa, nikapita kwa fundi mmoja karibu na stendi, aliyeanza na redio na sasa anafungua matumbo ya kompyuta za mitumba. Nilimsimulia habari za mama kwa kulalamika tu, si kwa kutafuta dawa. Akavuta kibodi, akabonyeza mara mbili tatu, na kwenye skrini yake ikatokea herufi A, ya njano, juu ya weusi mtupu, kubwa kama andazi. Kisha E. Kisha M. Zilipita moja moja, halafu neno zima likasogea pole pole kutoka kulia kwenda kushoto.

"Anaona pembeni, sivyo?" akaniuliza. "Herufi za ukubwa huu atazikamata kwa pembeni."

Nikamtajia mashine yangu ni ya aina gani. Akacheka, kicheko cha huruma.

Kasoro ilikuwa kadi ya picha, yaani kile kipande ndani ya kompyuta kinachopeleka picha kwenye skrini. Yangu ilikuwa kuukuu hata walioitengeneza walikwisha kuisahau. Kompyuta huhitaji draiva, programu ndogo ya kuifundisha jinsi ya kuongea na kadi. Bila draiva inayoelewana nayo, mashine yangu ilijua kuandika maandishi madogo tu yenye ukubwa mmoja, na hayo kwa mama yalikuwa vumbi. Ukiilazimisha kuchora kitu kikubwa, inajaza skrini mistari ya mshazari kama mvua ya upepo.

"Lakini kuna watu," fundi akasema, "huko duniani, wanaohangaika na makadi ya kale bila kulipwa. Wameandika draiva. Ya majaribio." Akanipa flopi moja, kile kidiski bapa, yenye hiyo draiva, na sidii yenye mfumo wa bure wa kuendeshea mashine pamoja na ile programu ya herufi. Ndani ya flopi mlikuwa na maelezo ya Kiingereza, na Kiingereza cha ofisini ninacho. Yalisema kazi haijakamilika, huenda ikafanya kazi, huenda isifanye, na ukiiua skrini yako ni juu yako mwenyewe.

"Kuiua vipi?"

"Utaiandikia kasi ya kuchora. Ukiipa kasi isiyoiweza, italia kama mbuzi mchanga. Ukisikia hivyo, zima upesi."

Nikapanda mlima na flopi kifuani, ndani ya blauzi, nikiilinda na ukungu.

Sasa umeme. Kijijini kwetu maji hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa letu la asili, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Kanisa liliweka bomba pembeni ya ndiva, maji yakiingia humo yanateremka kwa nguvu, yanazungusha mtambo mdogo wa umeme, unasaga mahindi. Nyumba nne za karibu, yetu ikiwemo, zilivutiwa waya. Siku za kusaga huwezi kuwasha kitu cha maana, kinu kinanyonya umeme wote. Siku nyingine, anayetaka umeme atumie zamu yake mwenyewe. Lakini maji yakishapita bombani yanaangukia mtoni, shamba lako halinywi. Na zamu yako hairudi mpaka wiki mbili zipite.

Nilimweleza mama yote, herufi kubwa kama andazi na hatari ya skrini kufa. Nilidhani atauliza maharage yatakuwaje, maana kiangazi kilikuwa kimeanza kuuma na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Maharage yamekunywa miaka yote," akasema. "Zamu hii ni ya macho."

Asubuhi ya zamu yetu mgawa maji aliyaelekeza bombani huku akitikisa kichwa. Taa ikawaka. Nikaweka sidii, mfumo ukaanza kuingia, pole pole, na mimi nimekaa kama bibi harusi, saa ya mkononi mbele yangu. Nilikuwa nimepiga hesabu: zamu ni kama saa nne, mfumo utakula mbili, draiva moja, inabaki moja ya majaribio. Karani mzuri.

Mfumo ukaisha. Nikainakili draiva. Nikafungua faili la maelekezo, nikaandika jina lake, nikaandika rangi chache ili kadi isilemewe. Ilipofika kasi ya skrini, nikageuza skrini nitazame kibandiko cha nyuma. Nusu kilikuwa kimechanika. Nikakisia. Nikawasha.

"Inalia!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. Mimi nilikuwa sijasikia chochote. Nikatega sikio, nikasikia kweli kilio chembamba, nikazima mbio. Nikapunguza kasi, nikaanza kuhifadhi faili, na katikati ya kuhifadhi umeme ukakatika.

Nilitoka nje nikifoka. Saa yangu inasema bado saa nzima! Nilimkuta mgawa maji amekaa kando ya ndiva na kijiti chake cha alama mkononi. Akakizamisha mbele yangu, akakitoa, akanionyesha palipolowa.

"Zamu yako imeisha, binti."

"Saa nne hazijafika!"

"Saa nne za wapi?" akaniuliza kwa upole. "Masika labda. Ndiva haijui saa."

Jamani, aibu. Mimi niliyezaliwa hapo, niliyetumwa na mama tangu utotoni kwenda kusimamia kile kijiti, nimekwenda kukaa ofisini miaka minane nimesahau kwamba kwetu zamu hupimwa kwa kina cha maji. Kiangazi maji ni machache, zamu ni fupi. Ningemlaumu nani? Na nilipojaribu kuwasha jioni, wakati mchungaji alipoomba mtambo uzungushwe kidogo, mashine ikakataa kuamka. Kule kukatika katikati kulikuwa kumevuruga kila nilichoweka. Ilibidi kuanza upya, kwa zamu nzima.

Zamu yetu nyingine ingekuja baada ya wiki mbili, na hiyo lazima ingekwenda shambani, la sivyo hatuli. Majani ya maharage yalishaanza kujikunja. Mama aliyapapasa asubuhi moja, akarudi ndani, akafunika skrini kwa kanga yake nzuri.

"Tumejaribu," akasema. "Irudishe kazini kwako, usije ukadaiwa."

Neno hilo lilinichoma pande mbili. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo.

Jirani yetu, mjane ambaye shamba lake limepakana na letu, alisikia hiyo ndoo. Akaja kuuliza nani anapigana. Nikamwambia yote, kwa hasira, bila kuomba chochote, maana kwetu maji hayaombwi. Watu hututania kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili agombee kuku mahakamani. Basi kwa maji anauza zizi zima.

Alinisikiliza hadi mwisho, akanipita, akaingia ndani kwa mama.

"Jumatano ni zamu yangu," akasema. "Ichukueni."

"Hapana," mama akasema. "Maharage yako je?"

"Yatavumilia. Nisikilize. Mwanangu alipokuwa mgodini, nani alinisomea barua zake?"

Mama akavuta kanga yake mabegani.

"Miaka sita. Hata ile mbaya. Kuna mtu yeyote hapa mlimani aliwahi kujua ilisema nini?"

"Hakuna," mama akasema.

"Basi kunywa maji yangu, dada, usinikasirishe."

Mama alilia. Alilia bila kujificha, na yule jirani akakaa karibu naye wakaanza kuzungumza mambo mengine kabisa, bei ya chumvi nadhani. Mimi nilitoka nje. Jumatano mgawa maji alimfanya jirani arudie maneno yake mara mbili, mbele ya shahidi, ndipo akafungua bomba. Alisema katika kazi yake yote hajaona mtu anatoa zamu kiangazi akiwa na akili timamu.

Safari hii saa niliivua nikaitupa kitandani. Nikamwomba jirani akae kule ndiva anitazamie kijiti, na kila alama ikitoka majini apige ukelele. Ukelele wa kwanza ukanikuta mfumo unaingia. Wa pili ukanikuta namalizia, maana nilikwisha kujua vya kuacha: michezo, nyimbo, mapambo, vyote niliviruka. Nikainakili draiva. Nikarudia maelezo ya flopi neno kwa neno, nikaona nilichoruka mara ya kwanza kwa haraka zangu: kwa kadi za kale kama yangu, izuie isijaribu kufanya kazi kwa haraka, na mshale wa kipanya uchorwe na kompyuta, kadi usiitwike. Nikaandika hivyo. Nilicheka peke yangu. Hata kadi inaambiwa, pole pole, bibi, usikimbie.

Ikabaki kasi. Nikamwita mama akae karibu.

"Wewe ndiye sikio. Ikilia, sema."

Nikaanzia juu kidogo.

"Inalia."

Nikazima, nikateremsha, nikawasha.

"Inalia, lakini kwa mbali."

Ukelele wa tatu kutoka ndiva. Nikateremsha tena. Skrini ikapiga weusi, ikacheza, nikashika swichi tayari kuzima. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Imenyamaza," akasema.

Na picha ikatulia. Hakuna mvua wala mshazari. Weusi safi, na kimshale kidogo katikati. Nikahifadhi kila kitu, nikanakili na kwenye flopi, nikahifadhi tena. Kisha nikafungua ukurasa mtupu, nikachagua njano, nikakuza herufi mpaka moja ikawa kama andazi.

"Nikuandikie somo gani, mama? La mpanzi?"

"Nyamaza na mpanzi wako. Hayo ninayo kichwani, nitajidanganya tena." Akasogeza kigoda mpaka pua ikakaribia kioo, akageuza uso pembeni. "Andika kitu nisichokijua."

Nilikaa na vidole juu ya kibodi. Kila nililolijua mimi, mama alikuwa analijua, isipokuwa moja. Nikaliandika haraka kabla sijajikanya. Maneno yakaanza kupita, pole pole, kutoka kulia.

Kidole chake kikapanda juu ya kioo kikayafuata. Midomo ilimcheza. "Si...," akasema. "Siku... Sikuja." Akapumua. "Sikuja likizo. Kazi... imekwisha."

Alisoma. Hakukariri, hakusomewa na mtu. Nilitaka kuruka mpaka darini na nilitaka kujificha uvunguni.

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Hili ninalijua," akanikata. "Likizo gani mtu anakuja na sufuria zake? Nilikuambia andika nisichokijua."

Loo! Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi matupu. Ukelele wa nne ukasikika, wa mwisho, jirani anakaza sauti kama aliyeona nyumba inawaka moto. Nikaandika neno moja tu.

Likapita. Kidole kikalifuata, herufi kwa herufi, kikafika mwisho, kikarudi mwanzo.

"Naogopa," mama akasoma.

Akakiacha kidole pale pale kwenye kioo. Akageuza kichwa polepole, akanitafuta kwa kona ya jicho, akanipata.

"Hili nilikuwa silijui," akasema. Akanishika mkono, mkono wake umejaa vumbi la maharage. "Kesho tutaliongea. Na maharage yakishakunywa, zamu itakayofuata utaniandikia somo la mavuno."

Taa ikafifia. Maji yalikuwa yameisha, neno likaanza kuzama kwenye weusi, na mimi nikaruka kwa mazoea kwenda kuokoa mashine. Mama hakuniachia mkono.

"Acha izime," akasema. "Nimeshasoma."